Walioanza na Waliobaki: Matokeo ya Shule za Msingi Simiyu Yanatuficha Nini?

Kila mwaka, kwa kawaida Oktoba au Novemba, Baraza la Mitihani la Tanzania hutangaza matokeo ya darasa la saba, na siku hiyohiyo kila mwalimu mkuu mkoani Simiyu hujua shule yake imesimama wapi. Asilimia ya ufaulu husambazwa kwenye makundi ya simu, husomwa kwenye kikao cha tathmini cha kata, kisha cha halmashauri, kisha cha mkoa pale Bariadi. Aliyepanda hupigiwa makofi na aliyeshuka hutakiwa kujieleza. Tangu Januari 2023 Baraza limeacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora kitaifa, na lilifanya vyema. Lakini mazoea ya kupimana kwa tarakimu moja bado yana nguvu, na mzazi wa Somanda au Ngulyati anayetaka kujua kama shule ya mwanawe inafundisha hana kingine cha kushika isipokuwa tarakimu hiyo.

Nataka kuuliza tarakimu hiyo inahesabu nini. Asilimia ya ufaulu ni waliofaulu wakigawanywa kwa waliofanya mtihani. Waliofanya mtihani ni watoto waliofika Septemba ya darasa la saba wakiwa bado wamo kwenye rejista, wamesajiliwa, na siku ya mtihani wameketi kwenye dawati. Mtoto aliyeandikishwa darasa la kwanza akatoweka darasa la tatu hahesabiwi popote. Hakufaulu wala hakufeli, na kwa jedwali la matokeo ni kana kwamba hakuwahi kuandikishwa. Katika mkoa wa wakulima wa pamba na wafugaji kama Simiyu, watoto wa namna hiyo ni wengi mno kuachwa nje ya hesabu.

Tuanze na picha ya taifa. Mwaka 2012, ulipoanza usahihishaji wa mtihani kwa mashine, ufaulu wa darasa la saba ulikuwa asilimia 30.7. Mwaka uliofuata ukawa 50.6. Kufikia 2019 ulikuwa 81.5, na tangu hapo umekuwa ukicheza karibu na 80: mwaka 2022 asilimia 79.62, mwaka 2024 asilimia 80.87. Sehemu ya mabadiliko hayo ni ya kweli. Kuanzia 2015 madarasa ya kwanza na pili yalipewa mtaala unaokazia kusoma, kuandika na kuhesabu, baada ya aibu ya 2012 ambapo wanafunzi zaidi ya 5,000 waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza waligundulika hawajui kusoma wala kuandika. Vitabu viliongezeka, na walimu wa madarasa hayo walipata mafunzo kazini. Hayo yote yalisaidia.

Sasa chukua kundi moja na ulifuate. Januari 2016, Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015 ulipoanza kutumika na ada na michango ya lazima ikaondolewa, watoto karibu milioni 1.9 waliingia darasa la kwanza nchini. Kama hakuna aliyekariri wala kuacha, hao ndio wangefanya mtihani wa 2022. Mwaka huo waliosajiliwa walikuwa 1,384,340, na waliofaulu 1,073,402. Hesabu hii si kamili, kwa sababu wapo waliorudia darasa la pili au la nne, na wapo waliojiunga katikati wakitoka madarasa ya juu yao. Hata ukiwaondoa hao, pengo la watoto laki kadhaa linabaki. Ukigawanya waliofaulu kwa walioanza, unapata zaidi kidogo ya nusu. Tulitangaziwa karibu asilimia 80.

Katika ngazi ya shule tofauti hiyo inaweza kugeuza hukumu kabisa. Chukua mfano wa kufikirika wa shule mbili za kata moja, kila moja ikiwa imeandikisha watoto 200 darasa la kwanza. Shule ya kwanza imefikisha 90 kwenye mtihani, wakafaulu 80: ufaulu wake ni asilimia 89. Shule ya pili imefikisha 160, wakafaulu 120: asilimia 75. Kwenye kikao cha tathmini, mwalimu mkuu wa shule ya kwanza atapewa cheti na wa pili ataulizwa kulikoni. Lakini shule ya pili ndiyo imetoa watoto 40 zaidi wanaokwenda sekondari, na imekaa na watoto 70 zaidi kwa miaka saba, wengi wao wakiwa ndio wagumu kufundishika: mchunga ng'ombe anayehudhuria siku tatu kwa juma, binti anayelea wadogo zake, mtoto aliyeingia shule bila kujua neno la Kiswahili. Shule hiyo inaadhibiwa kwa kutowaacha.

Hili si wazo la kukaa mezani. Mwaka 2013, chini ya mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kupanga shule zote za msingi kwa ufaulu, kila moja ikionyeshwa nafasi yake kiwilaya na kitaifa. Watafiti Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin walichambua takwimu za nchi nzima wakaona mambo mawili. Shule zilizokuwa mkiani mwa wilaya zao kweli ziliongeza alama, kwa sababu afisa elimu aliziona na kuzibana. Lakini shule hizohizo zilipunguza pia idadi ya wanafunzi waliofika kwenye chumba cha mtihani. Watoto dhaifu walipungua kabla ya Septemba. Hakuna waraka uliosema wafukuzwe. Ilitosha mwalimu mkuu kujua kwamba mtoro asiyefuatiliwa anaipandisha shule, na mtoro anayerudishwa anaishusha. Kwa maoni yangu huu ndio ugunduzi mzito kuliko wote uliofanywa kuhusu shule zetu za msingi katika miaka hiyo, na haujapewa uzito unaostahili.

Kwa hiyo, kabla ya kuhukumu shule ya Bariadi, inabidi kuuliza watoto wake ni akina nani.

Mkoa wa Simiyu ulianzishwa Machi 2012 kwa kuzitoa Bariadi, Maswa na Meatu katika mkoa wa Shinyanga na kumega sehemu ya Magu, mkoani Mwanza, iliyofanywa wilaya ya Busega. Itilima ilizaliwa kutoka Bariadi. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu 1,584,157. Sensa ya 2022 ilihesabu 2,140,497, ongezeko la asilimia 35 kwa miaka kumi. Wengi ni Wasukuma, na upande wa Bariadi ni Wanyantuzu, tawi lao. Mwaka 2012 kaya ya Simiyu ilikuwa na wastani wa watu 6.9 wakati wastani wa taifa ulikuwa 4.8. Kaya kubwa ina maana mbili kwa shule. Kwanza, kuna watoto wengi wa kuandikishwa kila Januari kuliko madarasa yaliyopo. Pili, na hili ndilo huwa halisemwi, kaya yenye watoto saba, ng'ombe arobaini na ekari kumi za pamba inaweza kugawa kazi. Huyu asome, huyu achunge, huyu abaki na mama. Baba hajioni kuwa ameinyima familia elimu, maana ameipa elimu kupitia mmoja wao.

Lipo jambo la kushangaza kwenye tarakimu hizo za sensa. Simiyu ni mkoa wenye familia kubwa kuliko karibu mikoa yote, lakini ongezeko lake la asilimia 35 liko chini kidogo ya la taifa zima, lililofikia asilimia 37. Maana yake ni kwamba watu wanahama. Wasukuma wamekuwa wakisogea na mifugo yao kwa miongo mingi, kusini na magharibi, kwenda Tabora, Katavi, Rukwa, Morogoro hadi Lindi. Familia inapohama na ng'ombe huwa haipitii shuleni kuchukua uhamisho. Mwalimu wa zamu anaita jina juma la kwanza, juma la pili, mwisho anaandika mtoro wa kudumu. Huenda mtoto yumo darasani Katavi, na huenda yumo porini. Ipo namba ya mwanafunzi katika PReM, mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi, ambayo ingeweza kujibu swali hilo, na nitairudia.

Watoto wanaobaki nao hawabaki kwa namna moja. Kazi ya pamba ina kalenda yake. Mbegu huingia ardhini mvua za Novemba na Desemba, palizi ni Januari na Februari, mavuno huanza Mei hadi Julai. Shule hufunguliwa Januari. Kwa hiyo mwaka wa masomo unaanza palizi ikiwa imepamba moto, ghala limeanza kuonyesha sakafu, na fedha ya pamba ya mwaka jana imekwisha. Ada hakuna, lakini sare ipo, viatu vipo, madaftari yapo, na katika shule inayopika uji au makande kuna debe la mahindi la mchango. Mzazi wa Itilima anayeulizwa sare Januari anaulizwa wakati mbaya kuliko wote katika mwaka wake. Fedha huingia Juni na Julai, chama cha ushirika kinapolipa. Anayetaka kuelewa kwa nini watoto huchelewa kuripoti hadi Machi hana haja ya kwenda mbali kutafuta tabia ya mzazi. Aangalie soko la pamba.

Nasema hivi kwa sababu mazungumzo ya viongozi wengi kuhusu elimu ya Usukumani huishia kwenye mwamko mdogo. Mwamko ni neno linalomfanya mzazi awe tatizo na kumwacha ofisa huru. Wazazi hao hao wamekuwa wakichimba misingi, kusomba mawe na mchanga, na kuinua maboma ya madarasa kwa nguvu zao, wakisubiri halmashauri ipaue. Asiye na mwamko hasombi mawe.

Wavulana ndio wa kwanza kupotea katika shule ya msingi. Mwaka 2024, kati ya watahiniwa 1,230,780 waliosajiliwa nchini, wavulana walikuwa 564,176 na wasichana 666,604. Yaani kwa kila wasichana 100 kulikuwa na wavulana wasiofika 85, ilhali watoto huzaliwa karibu sawa kwa sawa. Katika ukanda wa wafugaji sababu inajulikana: ng'ombe anahitaji mtu nyuma yake kutwa, na ni mvulana. Busega, upande wa Lamadi na Nassa, Ziwa Victoria nalo lina kazi za vijana. Tazama tena kinachotokea kwenye asilimia. Mwaka huo wavulana walifaulu kwa asilimia 81.85 na wasichana kwa 80.05, na ikasemwa wavulana wamefanya vizuri zaidi. Kwa idadi, wasichana waliofaulu walikuwa 525,172 na wavulana 449,057. Wavulana dhaifu walikuwa wameshaondoka, hivyo waliobaki walikuwa wamechujwa tayari. Wasichana walibaki wengi zaidi, wenye uwezo na wasio na uwezo pamoja, na asilimia yao ikaonekana ndogo. Hadithi ya shule zangu mbili za kufikirika imo humo ndani ya takwimu za taifa.

Kwa wasichana hatari huja baadaye, mwishoni mwa msingi na kuingia sekondari. Mahari Usukumani huhesabiwa kwa ng'ombe, na binti wa darasa la saba mwenye miaka 15 anatazamwa na macho mengi. Imesemwa mara nyingi katika mikoa ya Shinyanga na Simiyu kwamba wapo wazazi wanaowaagiza mabinti zao waandike majibu ya uongo ili wasichaguliwe. Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016 na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti kuolewa chini ya miaka 18 ni kinyume cha Katiba. Novemba 2021 serikali iliruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu ya ujauzito warudi shuleni. Hatua hizo ni kubwa. Lakini kwa jedwali la matokeo, binti aliyeagizwa kufeli anaonekana kama mwalimu wake hakumfundisha, na binti aliyerudi na mtoto mgongoni anaonekana kama tishio kwa asilimia.

Suala la lugha linastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa. Mtoto wa mjini Bariadi, hasa tangu mji huo uwe makao makuu ya mkoa na watumishi wahamie kutoka kila pembe ya nchi, huingia shuleni akiwa amekwisha kukisikia Kiswahili nyumbani, sokoni na kwenye televisheni. Mtoto wa kijiji cha ndani cha Itilima au Meatu huingia akijua Kisukuma tu. Kule Meatu wapo pia wa Kitaturu na Kihadzabe. Mwalimu anaingia na kusema fungua kitabu ukurasa wa tatu, na nusu ya darasa inamtazama mdomo. Mtoto huyo lazima ajifunze lugha na kujifunza kusoma kwa wakati mmoja. Hata sauti zenyewe humpinga, maana l na r ambazo kwake ni kitu kimoja zinampa alama ya kosa kila anapoandika rafiki. Kufikia darasa la tatu Kiswahili kinaanza kukaa, wakati mwenzake wa mjini ana miaka miwili ya kusoma nyuma yake. Wanapofika darasa la saba wanapewa karatasi ileile.

Hili lilionekana wazi kwa mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014 ukaifikia Simiyu pamoja na mikoa mingine ya kanda ya ziwa, magharibi na kati. Mpango ulianzisha madarasa ya utayari wa shule kwa watoto wasiokuwa na darasa la awali karibu. Vijana wa kijijini hapohapo waliwafundisha watoto kwa hadithi na michezo, wakiwavusha kutoka lugha ya nyumbani kwenda Kiswahili kabla ya Januari. Ilikuwa rahisi, haikuhitaji jengo, na ililenga mahali panapovuja. Mpango wa Shule Bora uliofuata nao umeiweka Simiyu katika mikoa yake tisa. Kenya na Uganda zimeandika kwenye mitaala yao kwamba mtoto wa kijijini aanze kufundishwa kwa lugha ya eneo lake. Sisi tuna sababu nzito za kihistoria za kushikilia Kiswahili, na sitaki tukiache. Ninachotaka ni mwalimu wa darasa la kwanza aruhusiwe waziwazi, kwa maandishi, kuvuka na watoto wake kwa Kisukuma katika miezi ya kwanza bila kuogopa mkaguzi, na halmashauri inapopanga walimu wa madarasa hayo iwaangalie kwanza wale wanaokijua.

Idadi ya watoto kwenye chumba kimoja wote wanaijua. Kiwango cha serikali ni wanafunzi 45 kwa mwalimu na kwa chumba, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na kwa wavulana 25, na katika shule nyingi za mkoa huo ni viwango vya kusomwa kwenye karatasi tu. Elimu bila ada iliwaleta watoto, na ilifanya hivyo mara mbili, 2002 chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) na 2016, kabla ya kuleta vyumba. Baadaye vyumba vilianza kuja: vyumba 3,000 vya vituo shikizi kwa fedha za UVIKO-19 mwaka 2021, kisha mradi wa BOOST kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500. Vituo shikizi, yaani madarasa yanayosogezwa karibu na watoto wanaokaa mbali na shule mama, ni jambo la maana sana kwa Simiyu, kwa sababu vijiji vimetawanyika na mito ya msimu kama Simiyu na Duma hukata njia kipindi cha mvua. Upande unaopakana na Serengeti na Pori la Akiba la Maswa kuna tembo wanaovuka mpaka. Mtoto wa miaka sita hapaswi kutembea kilomita tano kukutana na lolote kati ya hayo.

Fedha za uendeshaji ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Ruzuku ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na kati yake 4,000 hubaki juu kwa ajili ya vitabu. Shule yenye wanafunzi 1,200 inapokea, kwa 6,000 zinazobaki, shilingi 600,000 kwa mwezi. Kwa fedha hiyo itanunua chaki, itachapa mitihani ya majaribio, itatengeneza madawati, italipa mlinzi kama inaweza.

Lakini fedha peke yake haiongezi kujifunza, na Tanzania ina ushahidi wake yenyewe. Katika jaribio la KiuFunza la 2013 na 2014, lililohusisha shule 350 katika wilaya kumi, kundi moja la shule lilipewa ruzuku ya ziada, kundi la pili walimu wake waliahidiwa bonasi kwa kila mtoto atakayemudu kusoma na kuhesabu, na kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuongeza chochote cha kuonekana kwenye matokeo ya watoto. Vyote viwili kwa pamoja viliongeza. Ninachokiona mimi humo ni namna bonasi ilivyohesabiwa: kila mtoto aliyevuka alikuwa na thamani, hivyo mwalimu hakufaidika kwa kumpoteza mtoto dhaifu. Ni kinyume kabisa cha asilimia ya ufaulu.

Walimu wenyewe hawakugawanyika sawa. Ndani ya halmashauri moja shule ya mjini inaweza kuwa na walimu wa kutosha na ile ya mwisho wa barabara ikawa na wanne kwa madarasa saba na la awali. Mwalimu, hasa wa kike, anayepangwa mahali pasipo na nyumba, maji wala umeme atatafuta uhamisho, na mara nyingi ataupata. Shule ya mjini inapata walimu, inapata watoto wanaojua Kiswahili na wazazi wenye mshahara wa mwezi, kisha inawekwa kwenye jedwali moja na ile ya Meatu ndani ndani. Ufaulu wake ni wake kwa sehemu tu.

Simiyu ilijaribu kujinasua. Wakati Anthony Mtaka alipokuwa mkuu wa mkoa, kuanzia 2016 hadi 2021, mkoa ulijulikana nchini kwa kambi za kitaaluma: watahiniwa walikusanywa, walimu hodari wakafundisha kwa zamu usiku na mchana, wazazi wakachangia chakula. Moyo ule ulikuwa wa kweli, na uliwapa watoto wa wakulima imani kwamba mkoa mzima unawangoja. Siwezi kuubeza. Hata hivyo kambi inamhudumia mtoto aliyekwisha kufika darasa la mtihani. Yule aliyepotea darasa la tatu kwa sababu ya lugha au ng'ombe haikumgusa. Mkoa uliweka nguvu zake bora mwishoni mwa bomba, wakati maji yalikuwa yakivuja mwanzoni. Laiti nusu ya hamasa ile, chakula kile na walimu wale hodari ingepelekwa darasa la kwanza na la pili.

Mjadala huu una haraka sasa kuliko zamani, kwa sababu mfumo unabadilika. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeifanya elimu ya lazima kuwa ya miaka kumi, sita ya msingi na minne ya sekondari. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa darasa la kwanza na la tatu. Maana yake, mwaka 2027 madarasa mawili yatamaliza msingi pamoja, la saba la mwisho na la sita la kwanza, na Januari 2028 yote mawili yatabisha hodi kidato cha kwanza. Katika mkoa ambao bado unahangaika na vyumba, hilo ni jambo la kuanza kujengea leo. Lakini kubwa zaidi ni kwamba ikiwa kila mtoto anatakiwa kusoma miaka kumi, mtihani wa kumaliza msingi unapoteza kazi yake ya zamani ya kuchuja. Julius Nyerere alilisema hilo mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, kwamba elimu ya msingi isiwe maandalizi ya mtihani wa wachache. Asilimia ya ufaulu ilikuwa kipimo cha chujio. Kwa sera ya miaka kumi, mtoto aliyetoweka ndiye kushindwa kwetu kwa kwanza, na kipimo chetu hakimwoni.

Kwa hiyo jedwali linalosomwa Bariadi kila mwaka libadilishwe. Kila shule ionyeshe walioandikishwa darasa la kwanza, waliohama na kuthibitishwa kwamba wako shule nyingine, waliokariri, waliofika mwisho, na waliofaulu. Mbele ya hayo yaandikwe mambo matatu kuhusu watoto wenyewe: wangapi walipitia darasa la awali, wangapi walikuja wakijua Kiswahili, na wangapi wanatembea zaidi ya kilomita tatu. Afisa Elimu Kata anaweza kuyapata hayo kwa juma moja. Uhamisho unaweza kuhakikiwa kwa namba ya PReM, ambayo mtoto huwa nayo popote aendapo, hata kama ameongozana na ng'ombe hadi Katavi. Shule zilinganishwe na zile zenye watoto wanaofanana na wao, ya mji wa Mwanhuzi, Meatu, na ya mjini Bariadi, ya ndani Itilima na ya ndani Meatu. Na michango ya sare na chakula ihamishiwe Juni na Julai, kwa makubaliano ya kamati ya shule na mkutano wa kijiji, badala ya Januari.

Hakuna haja ya kungoja takwimu mpya. Watoto walioanza darasa la kwanza Januari 2024, wa kwanza wa mtaala mpya, watamaliza darasa la sita mwaka 2029. Majina yao yamo kwenye rejista za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, shule kwa shule, na mwalimu mkuu yeyote anaweza kuanza leo kuhesabu ni nani kati yao bado yupo.